Picha ya Kumi na Mbili

Filamu ya 120 kwenye kamera ya Yashica Mat inatoa picha 12, basi. Mteja wa paspoti anataka moja, familia ya Idi inataka mbili au tatu, na mtu akikuambia anasafiri kesho asubuhi huwezi kumsubirisha mpaka wengine waje kuijaza filamu. Wala huwezi kuikata katikati ukasafisha nusu, ingawa nimewaona mafundi waliojaribu. Unachofanya ni kuimaliza. Ile ya mwisho unampiga yeyote aliye karibu: kijana anayefagia, paka, mlango. Kwangu mimi aliyekuwa karibu ni mke wangu, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa nyuma ya studio, Ngamiani, Tanga, na kati ya studio na jiko palikuwa na ua tu.

Ilianza hivyo mwaka 1981, mwaka tuliooana. Nalisema mapema kwa sababu vijana wanaokuja kuziangalia picha hizi wanataka kusikia habari za mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, alhamdulillahi, lakini kilichokuwa kinanitoa studio kwenda kumwita uani ni haraka ya mteja.

Waliozaliwa baadaye pengine hawajui filamu ilivyokuwa adimu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Sisi wa Tanga tulizoea kuiona Mombasa kuwa duka la jirani, ghafla ikawa ng'ambo. Ikaja vita ya Kagera, ukaja uhaba wa kila kitu: sabuni, sukari, mafuta ya kula, na sisi wa studio tukaongezea karatasi za picha na dawa za kusafishia. Filamu zilipita njia za panya upande wa Horohoro, nyingine kwa mashua, na ulipoanza msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, mwenye katoni ya filamu isiyo na risiti hakulala usingizi. Mke wangu bei aliijua. Siku moja nilimwelekezea kamera akiwa na mwiko mkononi, akaniuliza, "Bwana, kitu cha magendo hicho, unakuja kukimalizia kwangu?" Nikamwambia mteja anasubiri. "Basi mpige mteja mara mbili." Kwenye picha hiyo mdomo wake uko wazi, ndiyo kwanza anamaliza kusema.

Kamera ya aina ile huiweki jichoni. Inaning'inia kifuani, unainama, unatazama kioo kilicho juu yake, na kwenye kioo hicho kushoto ni kulia na kulia ni kushoto, kiasi kwamba mwanafunzi wa kazi hii akitaka kumfuata mtu anayetembea huenda upande usio wenyewe. Wateja wazee waliipenda. Walisema mpiga picha anayeinama ana adabu, hakukodolei macho. Ila anayepigwa picha haoni uso wako, anaona utosi. Mke wangu ameutazama utosi wangu tangu nikiwa kijana, na ndiye wa kwanza kuniambia nywele zinaaga. Husema yeye angekuwa na kamera, albamu yake ingeanza na msitu wa Usambara ikaishia na kiwanja cha ndege.

Nilicheka. Baadaye, nilipozitandaza picha zote sakafuni baada ya studio kuhama, neno lake lilinirudia. Nilikuwa nimemtazama yeye miaka yote hiyo, naye alikuwa na lake analolitazama, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kuna jambo jingine nililiona sakafuni siku hiyo, na wapiga picha watanielewa upesi. Lenzi ya Yashica Mat haibadilishwi. Ni milimita 80, haina zumu, na ukimsogelea mtu chini ya kiasi cha mita moja anakuwa ukungu mtupu. Kwa hiyo ukubwa wa mtu ndani ya picha unataja mahali aliposimama mpiga picha, wala hakuna namna ya kuficha. Picha za mwaka wa kwanza, mke wangu anaonekana mzima, hadi kandambili zake. Niko hatua tatu au nne kutoka kwake, umbali uleule niliowapa wateja. Mtoto wa kwanza alipozaliwa nimesogea mpaka kikomo cha lenzi: uso, bega, na sikio la mtoto limekatwa na ukingo. Miaka ya mwisho ya themanini niko mbali tena. Ukingo wa mlango wa studio unaingia kwenye picha, yeye mdogo kule jikoni. Bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, kazi ilikuwa nyingi, na sikuvuka kizingiti. Nilimwita kwa sauti, akageuka, nikapiga. Mwaka aliofiwa na mama yake ameketi kwenye mkeka, nami niko kwenye kona ya mwisho ya ua. Sikumbuki kuamua kusimama pale. Nilisimama ambapo mtu husimama mbele ya mfiwa.

Kama ningekuwa na kamera ya kubadilisha lenzi, nisingeujua umbali huo. Vijana wananiuliza kamera gani inafaa kumpiga mtu mmoja kwa miaka mingi. Nawajibu: yoyote, mradi usiibadilishe kila mwaka.

Miaka michache iliyopita mwanetu anayefanya kazi ya uchapaji Dar es Salaam alinionyesha kwenye simu picha za Mmarekani Harry Callahan. "Baba, tazama mwenzako huyu." Callahan alizaliwa Detroit mwaka 1912. Alikuwa karani katika kampuni ya magari ya Chrysler, akamwoa Eleanor Knapp mwaka 1936, na kamera ya kwanza akainunua mwaka 1938, akajifundisha mwenyewe. Kuanzia 1946 alifundisha Chicago, kisha akahamia Rhode Island, lakini kwa muda mrefu mshahara wa Eleanor, aliyekuwa katibu muhtasi, ndio uliosaidia kuiweka nyumba sawa wakati mume anatembea na kamera. Alimpiga Eleanor kitandani, dirishani, mgongo, nywele. Iko moja ya 1949 ambayo Eleanor yuko ndani ya maji, macho ameyafumba, nywele zimelowa zimemshuka. Sikuwahi kuona picha ya mke wa mtu iliyo tulivu namna hiyo. Mwaka uliofuata akazaliwa binti yao, Barbara, na kwenye picha nyingi za miaka ile ya hamsini mama na mtoto wamesimama mbali kabisa, wadogo, mbele ya majengo ya Chicago, chini ya miti au ufukweni mwa ziwa.

Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani amewasahau. Kisha mwanangu akanisomea kwamba nyingi alizipiga kwa kamera kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10, ile ya kuweka kwenye miguu mitatu na kujifunika kitambaa. Mtu habebi mzigo ule mtaani akasahau mke wake yuko wapi. Alichagua. Kile nilichokifanya kwa sababu sikutaka kuacha mlango wa studio, yeye alikifanya kwa makusudi, tena kwa jasho. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, na hapo ndipo ninapojitetea kidogo: yeye alimpiga mkewe kwa wakati wake mwenyewe, mimi nilimpiga wangu kwa wakati wa mteja.

Callahan alikuwa na mwanafunzi huko Rhode Island, Emmet Gowin, mtu wa Danville, Virginia. Naye alimwoa Edith mwaka 1964 akampiga picha maisha yao yote, yeye na ndugu zake upande wa ukweni. Edith anaitazama lenzi moja kwa moja, bila kutabasamu. Nilikaa siku kadhaa nikijiuliza kwa nini wake wa Kimarekani hawa wanatazama hivyo na wangu hatazami hivyo. Nikadhani ni mila. Kisha nikakumbuka kamera. Zile kubwa, ukishaingiza filamu huoni tena kitu kupitia lenzi. Unatoka chini ya kitambaa, unasimama kando, unabonyeza. Edith alikuwa anamwona mumewe uso kwa uso wakati picha inaingia. Wangu alikuwa anaangalia utosi. Ndiyo maana kwenye picha nyingi ana kale kacheko ka pembeni ambako wageni hukaita haya. Haya gani! Alikuwa ananicheka nywele.

Sasa nieleze kidogo habari za mwanga, maana hakuna anayezieleza kwa Kiswahili na nilizilipia kwa filamu nyingi. Akiwa nje, mke wangu huvaa buibui. Ukuta wetu wa ua ulipakwa chokaa. Buibui jeusi, chokaa nyeupe, na katikati uso wa kahawia ambao ndio unautaka. Kipima mwanga cha kamera hakijui buibui. Kimetengenezwa kikiamini kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, ni kijivu. Kikiona nguo nyeusi nyingi kinaomba mwanga zaidi, uso unapauka; kikiona ukuta mwingi kinapunguza, uso unakuwa giza na macho yanapotea. Mzee wa Kihindi aliyenifundisha kazi alikuwa na vipimo vyake vya kichwani kwa wateja wake, nami nikatafuta changu: napima mwanga kwenye mgongo wa mkono wangu mwenyewe, nikiuweka kwenye mwanga uleule aliosimama yeye, kwa kuwa rangi zetu zinakaribiana. Halafu simsimamishi juani. Saa kumi alasiri kibaraza chetu kinakuwa na kivuli, na mwanga unarudi kutoka ukuta wa jirani ukiwa laini. Picha nzuri za mke wangu karibu zote ni za kibaraza hicho. Jirani alipouza nyumba na mwenye nyumba mpya akapaka ukuta rangi ya kijani, nilisikitika kuliko aliyeuza.

Kusafisha nako kulikuwa na mambo yake. Vitabu vinasema dawa iwe nyuzi 20. Maji ya bomba Tanga mwezi wa pili hayajawahi kuzisikia nyuzi 20. Tulizungushia chupa barafu, au tulipunguza dakika, na filamu ikikaa sana kwenye maji moto utando wake unalainika, kucha ikigusa tu imebeba uso wa mtu. Picha moja ya mke wangu ina mkwaruzo shavuni. Wageni huuliza kama ni kovu.

Jambo la kwanza alilolikataa kabisa ni kabati la kioo. Kila studio ya Pwani ilikuwa nalo mbele: bibi harusi, mtoto mnene, kijana na redio. Hata ukienda Unguja leo, Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930, imejaza kuta zake picha za namna hiyo, na watalii hawaondoki. Mimi nilikuwa na picha ya mke wangu niliyoona ingeleta wateja kutoka Pangani mpaka Muheza. Akasema, "Sura yangu si tangazo la biashara yako." Tena hakusema kwa hasira. Alisema huku anakunja nguo, akaendelea kukunja. Haikuwekwa, na studio haikufa njaa.

Kwa hiyo zilikaa kwenye bati la biskuti, negativu zikiwa kwenye bahasha. Humo ndimo nilipojifunza kwamba picha za maisha yote zina adui mkubwa kuliko mchwa. Joto la Pwani na unyevu vinaila filamu yenyewe. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, plastiki ya filamu imeanza kuoza, na ikianza inaambukiza za jirani yake. Za kwetu chache zilikwenda hivyo, zikajikunja. Dawa yake ni kuzitoa kwenye bati na mifuko ya nailoni, ziwekwe kwenye karatasi, mahali pakavu na penye ubaridi wa kadiri utakaoumudu, na zilizooza zitengwe. Picha za rangi za miaka ya tisini, mashine za kusafisha papo kwa papo zilipofika mjini na kila mtu akaona nyeusi na nyeupe ni ushamba, leo zimegeuka wekundu wa tope. Rangi nyingine zimekimbia. Za nyeusi na nyeupe, zile za picha ya kumi na mbili, bado zinasimama. Madini ya fedha yaliyo ndani ya karatasi ile hayana haraka.

Lakini rangi mke wangu anazo kichwani. Hili liliniacha mdomo wazi. Tulipozitandaza sakafuni mimi nilianza kuzipanga kwa mwanga na kwa ukubwa wa sura. Yeye akapita nyuma yangu akazipanga upya kwa kanga. "Hii nyekundu, ya Urafiki, nilinunua doti mbili, moja nikampa wifi. Hii ya zambarau nililetewa na shemeji kutoka Unguja, kwa hiyo hapo mtoto wa pili hajazaliwa." Mimi naona kijivu na kijivu. Kwa njia hiyo alizipatia tarehe picha ambazo nyuma yake sikuandika chochote, na mara mbili tatu nilipobisha tukakuta cheti cha kuzaliwa kinamuunga mkono yeye. Tangu siku hiyo sikubali tena kuambiwa kwamba hizi ni picha zangu. Nilichonacho mimi ni upande mmoja wa habari, upande wa aliyeinamisha kichwa.

Kamera za dijitali zilipokuja, sababu iliyozizaa picha hizi ilikufa. Kadi haiishi. Hakuna mteja anayesubiri filamu ijae. Mwanzoni niliona ni neema, nikampiga ovyo, na nilipozitazama jioni zote zilikuwa sawa na hakuna hata moja niliyotaka kuichapa. Nikajiwekea utaratibu wa zamani kwa nguvu: kazi ya siku ikiisha, moja. Akiwa hana nafasi, hakuna. Yashica bado ninayo, na ndugu aliye Muscat akija huniletea filamu, kwa hiyo mara mojamoja nainama tena, na yeye anapata nafasi ya kukagua kiwanja cha ndege.

Wajukuu sasa wanataka kuziweka mtandaoni. Niliposoma zaidi habari za wenzangu nilimkuta Alfred Stieglitz, ambaye kuanzia mwaka 1917 alimpiga mchoraji Georgia O'Keeffe picha zaidi ya 300 kwa muda wa miaka 20. Walioana 1924, lakini mwaka 1921, kabla ya ndoa, tayari alishazionyesha hadharani New York, nyingine akiwa bila nguo, na mji mzima ukazungumza. Simpendi sana Stieglitz. Anakaribia mno, mikono, shingo, ana kiu ya kumaliza mtu. Ila nimependa kwamba mwaka 1978, mume amekufa zamani, jumba la makumbusho la Metropolitan lilipozitoa picha hizo kwenye kitabu, utangulizi aliuandika O'Keeffe mwenyewe akiwa amepita miaka 90, na humo akasema akizitazama hujiuliza yule mtu ni nani. Nilimsomea mke wangu. Akasema, "Mimi najua ni nani. Nguo yake naijua."

Kwa hiyo kuchagua tumemwachia yeye. Alifanya mafungu matatu: za kuonyesha watu, za humu ndani, za kuchoma moto. Fungu la tatu tulibishana mpaka adhana. Tukakubaliana hazichomwi, zinatiwa kwenye bahasha ya kaki, na bahasha inakaa kwenye kabati lake.

Humo imo moja ya mwaka 1986, kibarazani, saa kumi. Amegeuza uso robo, mwanga umeshuka shavuni ukaishia penye taya, na macho yanatazama juu ya kichwa changu, mbali. Kwa ufundi ni bora kuliko zote nilizowahi kupiga, za wateja na za nyumbani. Yeye anasema ile si picha, ule ni ugomvi. Ndiyo siku niliyomwambia nataka tuhamie Dar es Salaam. Hatukuhama. Mwaka jana aliniruhusu nimwonyeshe mwanetu mchapaji, mara moja, bila simu mezani. Habari ya kuichapa kubwa amesema tutaizungumza baada ya Ramadhani. Hakusema ya mwaka gani.